Saa ya kompyuta ilipomsingizia mpwa wangu

KUNA mashahidi ambao mtu hudhani hawawezi kusema uongo. Saa ni mmoja wao. Mtu akikwambia alikuja mapema utamtilia shaka, lakini saa ikikwambia, unaamini bila kuuliza. Mimi niliiamini, na nusura nimfukuze nyumbani kwangu mtoto asiye na hatia.

Sisi hufuga kuku wa mayai. Hesabu zote za mayai, za chakula cha kuku na za pesa tunaziweka katika kompyuta iliyo sebuleni. Kompyuta yenyewe haikununuliwa ikiwa nzima dukani. Aliiunda mwanangu wa kwanza kabla hajaenda chuoni, kwa vipuri alivyokusanya kimoja kimoja kwenye maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, vingine vipya na vingine vya mitumba. Alipoiwasha mara ya kwanza na ikawaka, nyumba nzima tulipiga makofi kana kwamba tumezaliwa mtoto mwingine.

Kazi ya kuandika hesabu tulimwachia mpwa wangu, binti ya dada yangu, ambaye alikuwa amemaliza Kidato cha Nne na alikuwa akiishi nasi huku akingojea nafasi ya chuo. Kila asubuhi huokota mayai, huyahesabu, kisha huwasha kompyuta, huandika faili ya siku hiyo na kuizima. Mimi huikagua jioni nitokapo kazini, nikiwa nimeiunganisha na intaneti ya simu yangu kwa muda mfupi ili nisome barua pepe.

Jumanne moja jioni nilitupia jicho saa ambayo faili ya siku hiyo ilihifadhiwa. Ilikuwa imeandikwa 03:12. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili hiyo ni saa tisa na dakika kumi na mbili usiku. Nikashangaa. Nikatazama ya Jumatatu: saa tisa kasoro usiku. Ya Jumapili ilikuwa vivyo hivyo. Nikaitazama saa ya kompyuta pale kwenye kona ya skrini, nikailinganisha na ya simu. Zilikuwa sawasawa, dakika kwa dakika.

Sasa mtoto wa kike anaamka saa tisa za usiku kufanya nini mbele ya kompyuta, ilhali watu wote wamelala? Nilimweleza mama watoto, naye akaanza kuhesabu trei upya. Hakuna yai lililopungua. Hata hivyo, shaka ikishaingia nyumbani haitoki kwa kuhesabu mayai. Tulianza kuusikiliza mlango usiku. Tulianza kunyamaza kila binti huyo alipoingia chumbani.

Ijumaa nilimwita nikamwuliza.

"Mjomba, mimi sijaamka usiku hata siku moja," alisema akiangalia chini.

"Basi nani anaandika? Kuku?"

Hakujibu. Machozi yalimlengalenga. Nami kwa hasira nikauona unyamavu wake kuwa ni kukiri kosa. Usiku uo huo nikampigia simu dada yangu, nikamwambia aje Jumapili amchukue mwanawe.

Mwanangu aja na daftari

Bahati nzuri mwanangu alirudi kutoka chuoni Jumamosi. Nilipomsimulia kisa hicho, hakumtetea binamu yake wala hakumlaumu. Aliuliza swali moja tu.

"Baba, saa ya kompyuta huwa sawa asubuhi?"

Nikamwambia huwa sawa, kwani mimi mwenyewe niliitazama.

"Uliitazama jioni, ukiwa umeunganisha intaneti. Nimeuliza asubuhi."

Hapo sikuwa na jibu, kwa sababu asubuhi mimi huwa nimekwisha toka.

Alichukua daftari la shule, akachora safu tatu: saa ya simu, saa ya kompyuta, na tofauti yake. Saa nne na dakika tano usiku saa zote mbili zilisomeka 22:05. Akaizima kompyuta, na mama watoto, kama ilivyo desturi yake, akazima na swichi ya ukutani.

Jumapili saa moja asubuhi tuliiwasha sote tukiwa tumesimama nyuma yake, bila intaneti. Simu ilisema 07:00. Kompyuta ilisema 02:20.

Nilihisi ubaridi tumboni. Tofauti ilikuwa saa nne na dakika 40. Ukiongeza saa nne na dakika 40 kwenye ile 03:12 ya Jumanne, unapata 07:52, yaani saa mbili kasoro dakika nane asubuhi. Huo ndio wakati ambao mpwa wangu humaliza kuokota mayai.

Kompyuta ina saa mbili

Ili msomaji aelewe kilichotendeka, ni lazima kwanza ajue kwamba kompyuta moja huwa na saa mbili.

Ya kwanza imo ndani ya bodi kuu, ile ambayo mafundi huiita madabodi. Hii hutembea usiku na mchana, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Moyo wake ni kijiwe kidogo cha kwatzi, sawa na kile kilichomo katika saa za mkononi, ambacho hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Nambari hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ukiigawanya kwa mbili mara 15 unabaki na moja, na hiyo moja ndiyo sekunde.

Saa ya pili ni ya mfumo wa uendeshaji, uwe ni Windows ama Linux. Hii huzaliwa kompyuta inapowashwa na hufa inapozimwa. Inapozaliwa huiuliza ile ya kwanza, "Sasa ni saa ngapi?" kisha huendelea kuhesabu yenyewe. Kwa hivyo, saa ya bodi ikisema uongo asubuhi, saa ya skrini huurithi uongo huo, na kila faili itakayohifadhiwa itapigwa muhuri wa saa hiyo ya uongo. Baadaye intaneti ikifika, mfumo huuliza saa sahihi kutoka kwa kompyuta kubwa zinazotunza wakati, nayo saa ya skrini hurekebishwa. Lakini muhuri uliokwisha pigwa kwenye faili haubadiliki. Ndiyo sababu mimi jioni nilikuta saa iliyo sawa na faili zenye ushahidi wa uongo.

Kompyuta hazikuwa hivi tangu zamani. IBM PC ya mwaka 1981 haikuwa na saa ya betri ndani yake, na ilipowashwa mtumiaji alitakiwa kuandika tarehe na saa kwa mkono. Ni IBM PC AT ya mwaka 1984 iliyokuja na saa yenye betri kwenye bodi, na tangu hapo mtindo huo ukaenea.

Ni nini basi kinachoilisha saa ya bodi kompyuta ikiwa imezimwa? Kama waya ungali umechomekwa na swichi ya ukutani imewashwa, umeme kidogo huendelea kuingia na kuilisha. Ukizima ukutani, saa hiyo inabaki na betri peke yake, betri ya duara kama sarafu. Ikiwa betri imechoka, saa husinzia. Huenda kidogo, husimama, huenda tena. Usiku ule yetu ilitembea saa nne na robo tu, ilhali muda uliopita ulikuwa saa nane na dakika 55.

Majaribio matatu

Mwanangu hakukimbilia kununua betri. Alisema fundi anayebadilisha kipuri kabla ya kujua ugonjwa ni kama daktari anayetoa dawa kabla ya kumsikiliza mgonjwa.

Jaribio la kwanza lilikuwa lile la usiku: kompyuta imezimwa na ukutani pamezimwa. Saa ilichelewa.

La pili, aliiacha ikiwaka kutoka saa moja hadi saa tatu asubuhi bila intaneti. Tofauti ilibaki ile ile ya saa nne na dakika 40. Basi ikiwa inawaka haipotezi kitu, na mfumo wa uendeshaji hauna kosa.

La tatu, aliizima lakini akaacha swichi ya ukutani ikiwa imewashwa, kutoka saa tatu hadi saa tano. Tofauti haikuongezeka hata dakika moja. Kwa hivyo, saa ilikuwa ikipotea wakati mmoja tu, wakati ilipotegemea betri.

Hapo ndipo alipofungua kasha akaitoa betri na kuipima kwa mita ya volti. Betri nzima ya aina hiyo huwa na volti tatu au zaidi kidogo. Yetu ilikuwa na volti 2.4. Ilikuja na bodi ya mitumba, na hakuna ajuaye ilikuwa imekaa humo miaka mingapi.

"Lakini mbona siku zote ilikuwa sawa?" nikauliza.

Mama watoto akacheka kwa haya. Tangu tokeni za stima zianze kuisha upesi, alikuwa ameazimia kuzima kila swichi ya ukutani kabla ya kulala. Azimio hilo lilikuwa na wiki tatu. Betri ilikuwa imechoka kitambo, ila umeme wa ukutani ulikuwa ukiuficha udhaifu wake.

Jinsi ya kutambua ugonjwa

Saa ya kompyuta yako ikikosea, usiirekebishe tu kila siku na kuendelea na shughuli zako. Chukua daftari, andika tofauti kwa siku mbili tatu bila kuunganisha intaneti, kisha uitazame tofauti yenyewe.

Ikiwa tofauti ni saa kamili, betri haina lawama. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, na mtu aliyeweka Windows na Linux katika kompyuta moja mara nyingi hukuta saa imekosea kwa saa tatu barabara. Sababu ni kwamba kwa kawaida Linux huiandika saa ya bodi kwa wakati wa kimataifa, ilhali Windows huiandika kwa wakati wa mahali ulipo. Dawa ni kuziambia zitumie desturi moja. Tofauti ikiwa ya saa 10 au 11, huenda Windows ingali imeachwa katika majira ya pwani ya magharibi ya Marekani. Nenda kwenye mipangilio ya saa uchague Nairobi. Kwetu hapa saa haisogezwi mbele wala nyuma kwa ajili ya kiangazi kama Ulaya, basi ukishaweka Nairobi umemaliza.

Ikiwa tarehe hurudi kila mara kwenye siku ile ile ya miaka mingi iliyopita, betri imekufa kabisa au haigusani vizuri na chuma chake. Kwa kompyuta iliyoundwa nyumbani, angalia mambo mengine mawili. Je, betri iliwekwa juu chini? Na je, ile jampa ndogo ya kufutia kumbukumbu ya BIOS iliachwa mahali pa kufuta? Mafundi wengi wapya huisahau hapo.

Ikiwa saa huchelewa wakati kompyuta imezimwa tu, fuata njia tuliyoifuata sisi.

Ikiwa huchelewa au kukimbia wakati inafanya kazi, ingia kwanza katika BIOS kwa kubonyeza Delete au F2 inapowaka, uitazame saa ya humo kwa dakika kumi huku ukiilinganisha na simu. Kama humo ni sawa lakini ndani ya Windows si sawa, kosa liko katika mfumo au programu fulani. Kama uliongeza kasi ya kompyuta kuliko ilivyokusudiwa na watengenezaji, kama vijana wapendao michezo wafanyavyo, irudishe kwenye kasi yake ya kawaida kwanza.

Na ikiwa tofauti ni sekunde chache tu kwa wiki, usihangaike. Kijiwe cha kwatzi kikikosea kwa sehemu 20 katika milioni, saa hupotea kwa sekunde zipatazo 1.7 kwa siku, yaani sekunde 52 hivi kwa mwezi. Joto nalo hukiathiri. Intaneti hurekebisha kasoro kama hiyo bila wewe kujua. Lakini saa ikiwa imeachana mno na ukweli, pengine itakubidi kuweka tarehe kwa mkono kwanza ndipo intaneti iendelee kuirekebisha.

Usilipuuze jambo hili. Tovuti nyingi, zikiwemo za benki na za serikali, hukagua kwa tarehe kama hati za usalama zingali halali. Tarehe ya kompyuta yako ikiwa ya miaka iliyopita, kivinjari kitakuonya kwamba tovuti si salama, nawe utadhani intaneti ndiyo mbovu. Kazi ya mwanafunzi yaweza kuonekana imeandikwa kabla mwalimu hajaitoa. Hesabu za biashara nazo zikipigwa muhuri wa saa mbovu, huzua ugomvi kama wetu.

Kubadilisha betri

Betri ya madabodi nyingi huitwa CR2032. Jina hilo ni kipimo: 20 ni milimita za upana, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Ukipewa CR2025 dukani usikubali, kwani ni nyembamba, milimita 2.5, na huenda isigusane vizuri. Usikubali pia LIR2032, ambayo ina umbo lile lile lakini ni ya kuchajiwa na volti zake ni nyingi zaidi.

Kabla ya kuitoa, andika mipangilio ya BIOS unayoitegemea, kwa mfano diski ya kuanzia, kwani yaweza kufutika. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, kisha uguse chuma cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini utoke. Sukuma kijichuma kilichoishika betri na itaruka yenyewe. Weka mpya upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha ukitazama juu. Funga, washa, ingia BIOS, weka tarehe na saa.

Tafadhali usiiache betri kuukuu mezani. Mtoto mdogo akiimeza na ikakwama kooni, yaweza kumchoma vibaya ndani ya saa mbili tu. Hata ile unayodhani imekwisha ni hatari. Mtoto akimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitalini mara moja.

Betri yetu mpya haikupita bei ya mkate. Jumatatu asubuhi, baada ya usiku mzima wa swichi kuzimwa, kompyuta na simu zilisema jambo moja.

Deni lililobaki

Dada yangu alifika Jumapili adhuhuri akiwa na mfuko mtupu wa kubebea nguo za mwanawe. Alikuwa hajanywa hata chai njiani. Nilimkaribisha, nikamwita mpwa wangu, nikalileta daftari lenye safu tatu, nikawaeleza wote wawili mbele ya mama watoto na mwanangu.

Si jambo rahisi kwa mtu mzima kumwomba mtoto radhi. Lakini nilikuwa nimemshtaki mbele ya watu, basi sikuona haki kumsafisha faraghani.

"Mama, nilikukosea," nilimwambia. "Nisamehe."

Alisema amesamehe. Kisha nikamwuliza jambo lililokuwa likinisumbua. Hakuwahi kuona kwamba saa ya kompyuta si sawa asubuhi?

"Niliona, mjomba," alijibu. "Niliona tangu wiki ya kwanza. Lakini niliogopa mtasema mimi ndiye niliyeiharibu."

Dada yangu alinitazama, nami nikatazama sakafu. Siku zote nilidhani mtoto huyo anakaa kwetu kama kwao. Kumbe alikuwa akikaa kama mgeni, akihesabu makosa ambayo angeweza kusingiziwa, na mimi nikamthibitishia hofu yake.

Wahenga walisema hasira ni hasara. Betri inapochoka hubadilishwa kwa dakika tano. Imani ya mtoto huchukua muda mrefu zaidi. Siku hizi jioni, kabla sijafungua hesabu za mayai, humwuliza kwanza siku yake ilikuwaje na kama kuna kitu chochote alichokiona hakiendi sawa. Wiki iliyopita aliniambia bawaba ya mlango wa banda la kuku imelegea. Tuliirekebisha pamoja.